Somo: Kujiandaa kwa upasuaji wa kurekebisha pua, na namna ya kupona baada yake

Habari zenu ndugu. Maswali ya upasuaji wa pua hayakauki humu, na majibu mengi huishia kwenye kumtafuta daktari mzuri. Ni kweli daktari ni jambo kubwa. Lakini usiku wa tatu, macho yamevimba, mdomo umekauka na usingizi umekataa, daktari yuko kwake na wewe uko peke yako na pua yako.

Mimi nilifanyiwa miezi 18 iliyopita. Nilikuwa na nundu juu ya mfupa, na ukuta wa kati wa pua ulikuwa umepinda kiasi kwamba tangu utotoni nilipumulia tundu moja. Leo ninapumua vizuri na ninaipenda pua yangu. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa niliamini nimejiharibia uso, kwa sababu tu hakuna aliyenieleza kupona kunavyokwenda. Ndiyo maana naandika. Mimi si daktari. Pale daktari wako atakaposema tofauti na mimi, mfuate yeye.

Hatua ya 1: Jua unachotaka

Andika mambo mawili au matatu unayotaka yabadilike. "Nundu iondoke" ni ombi linalofanyiwa kazi. "Nataka nipendeze" halimpi daktari pa kuanzia. Picha ya pua ya mtu mwingine itamwonyesha unachopenda, lakini pua hiyo haiwezi kuhamishiwa kwako, na sababu kubwa ni ngozi. Daktari huchonga mfupa na gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika kama ya sikioni. Ngozi hubaki ileile na kuilalia kazi yake kama shuka juu ya godoro. Ngozi nyembamba huonyesha kila mkwaruzo uliobaki chini yake. Ngozi nene huficha hata kazi nzuri ya ncha, na uvimbe wake huchelewa kuisha. Muulize daktari ngozi yako ni ya aina gani kabla hujaanza kuota.

Na hili naliomba kwa upendo: kama unaiwaza pua yako saa nyingi kila siku, unakwepa vioo na picha, au umeacha kutoka kwa sababu ya dosari ambayo wengine hawaioni, zungumza kwanza na mtaalamu wa afya ya akili. Hali hiyo inatambulika na inatibika, lakini kisu hakiiondoi. Wengi wenye hali hiyo hutoka chumba cha upasuaji wakiwa na huzuni ileile au zaidi.

Hatua ya 2: Mhoji daktari

Awe amesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile au magonjwa ya masikio, pua na koo, na pua iwe kazi yake ya kila mara. Omba kuona picha za watu wenye pua inayofanana na yako, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji. Picha za mwezi wa kwanza hazithibitishi lolote.

Muulize atapitia wapi. Njia ya wazi hukata kidogo kile kipande cha ngozi kilicho kati ya matundu mawili. Njia ya ndani haiachi kovu la nje. Zote ni nzuri mikononi mwa anayezijua. Muulize kama atahitaji gegedu ya kuongezea na ataitoa wapi: ukuta wa kati, sikio au ubavu. Muulize pumzi yako itakuwaje, kwa maana pua iliyopunguzwa kupita kiasi inaweza kuziba. Mwisho muulize kuhusu marudio. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 5 hadi 15 kwa kila 100 wanaohitaji kufanyiwa tena. Daktari anayekwambia kwake haijawahi kutokea, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 3: Wiki nne kabla

Sigara, shisha na kila chenye nikotini viache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya ncha ya pua huishi kwa mishipa hiyo. Ikikosa damu inaweza kufa. Usimfiche daktari hili hata kidogo, wala usimfiche kama umewahi kunusa kokeini.

Wiki mbili kabla, acha dawa zinazofanya damu ichelewe kuganda: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Vidonge vya vitamini E, mafuta ya samaki, kitunguu saumu, ginko na ginsengi vimo pia, ingawa watu hawavihesabu kama dawa. Parasetamoli kwa kawaida inaruhusiwa. Ila kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako; madaktari wako wazungumze wao kwa wao.

Mweleze daktari wa usingizi kila kitu: presha, kisukari, pumu, selimundu, mzio wa dawa, ujauzito, na ndugu yeyote aliyewahi kupata shida kwenye nusu kaputi.

Hatua ya 4: Andaa chumba

Hii ndiyo hatua ninayojuta kuipuuza. Utahitaji mito mitatu, kwa kuwa utalala chali kichwa kikiwa juu kwa wiki mbili hivi. Anza kuzoea siku chache kabla. Nguo ziwe za vifungo mbele. Fulana ya kuvuta kichwani itakukwaruza pua. Weka karibu maji ya kunywa, mafuta ya midomo, shashi, na chupa ya kupulizia maji ya chumvi puani. Chakula kiwe laini, maana mdomo wa juu hukakamaa na kutafuna kunachosha. Tafuta mtu mzima wa kukurudisha nyumbani na kulala nawe usiku wa kwanza.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Utaambiwa saa ya mwisho ya kula na kunywa. Mara nyingi chakula huachwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, na maji muda wa saa mbili kabla. Ifuate bila huruma, kwa sababu tumbo lenye chakula linaweza kupeleka matapishi kwenye mapafu ukiwa umelala. Usipake vipodozi. Kazi yenyewe huchukua saa moja na nusu hadi tatu au zaidi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Wiki ya plasta

Utaamka na plasta ngumu juu ya pua, na pengine vibanzi laini vya silikoni ndani. Maumivu kwangu hayakuwa makali. Kilichonitesa ni kuziba. Unapumua kwa mdomo mchana na usiku, koo linakauka, na ukimeza mate masikio yanaziba. Jua kwamba ni kawaida na kuna mwisho.

Uvimbe na kuvilia damu hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo utaamka siku ya tatu ukiwa mbaya kuliko ya kwanza, na hilo si dalili kwamba kuna kilichoharibika. Kwa saa 48 za mwanzo weka kitu cha baridi kilichofungwa kitambaa kwenye mashavu na kandokando ya macho, kamwe si juu ya pua. Damu ya kuchuruzika kidogo, nyekundu iliyochanganyika na kamasi, hutegemewa siku mbili tatu. Badilisha shashi chini ya pua bila kuivuta kwa nguvu.

Usipenge kamasi kwa wiki mbili. Chafya ikija, fungua mdomo wazi uipitishe huko. Usiiname kufunga viatu wala kunyanyua kizito. Na jambo ambalo hakuna aliyenitajia: dawa kali za maumivu, zile zenye kodeini, hufunga choo, na kujikamua chooni kunapandisha presha kichwani hadi pua ianze kutoka damu. Kunywa maji mengi, na muulize daktari dawa ya kulainisha choo mapema. Meno ya juu yapige mswaki taratibu. Plasta isilowe, nywele oshwa na mtu mwingine huku umeegemea nyuma.

Piga simu au nenda hospitali mara moja ukiona damu nyekundu inayotiririka na haikomi kwa dakika 15 ukiwa umekaa wima. Homa ya kupita nyuzi 38. Maumivu yanayozidi pamoja na pua kuziba ghafla, kwa sababu damu iliyojikusanya kwenye ukuta wa kati inaweza kuua gegedu. Maji yasiyo na rangi yanayodondoka ukiinamisha kichwa, hasa yakiwa na ladha ya chumvi. Macho kuona vibaya. Au mguu mmoja kuvimba na pumzi kubana. Haya usiyaandike humu ukisubiri majibu yetu.

Hatua ya 7: Plasta inatoka

Karibu siku ya saba. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kama sikukuu, nikapewa kioo, nikaona pua pana, ncha imeinuka, ngozi ina mafuta na vipele. Nililia garini. Laiti mtu angeniambia kwamba uso ninaouona hautadumu! Pua inayotoka kwenye plasta imevimba, na hata plasta yenyewe ilikuwa ikiubana uvimbe, hivyo siku inayofuata hupanuka kidogo. Ncha huwa juu kuliko itakavyokaa. Tabasamu huwa geni. Ncha na meno ya mbele ya juu huweza kufa ganzi kwa wiki au miezi. Harufu nazo huja polepole.

Huzuni ya siku hizo wengi wetu tumeipitia. Usitoe uamuzi wowote ndani yake, na usimtumie daktari ujumbe wa saa nane za usiku. Piga picha moja kila mwezi, sehemu ileile, mwanga uleule, kisha uache kioo.

Hatua ya 8: Mwaka mzima

Alama za damu chini ya macho huisha baada ya siku 10 hadi 14, na wengi hurudi kwenye kazi za ofisini kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Mazoezi mazito subiri wiki nne hadi sita. Jua likinge kwa kofia na losheni ya kukinga jua yenye kiwango (SPF) cha 30 au zaidi, kwani kovu jipya hugeuka jeusi kwa urahisi. Sehemu kubwa ya uvimbe huondoka ndani ya miezi mitatu. Unaobaki hujikusanya kwenye ncha na kushuka taratibu hadi miezi 12, na kwa ngozi nene hata zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, navaa miwani na bila hiyo sioni. Nifanyeje?

Jibu: Kama mifupa yako itavunjwa ili isogezwe, miwani isikae juu ya pua kwa wiki nne hadi sita, mfupa ambao haujashika unaweza kubonyea. Wakati plasta ipo, wengine huruhusiwa kuiweka juu ya plasta. Ikitoka, miwani inaning'inizwa kwa utepe unaobandikwa kwenye paji la uso. Lenzi za machoni ni rahisi zaidi, ukizizoea kabla.

Swali: Nina historia ya makovu yanayovimba, kifuani na masikioni. Nisahau kabisa?

Jibu: Usisahau, ila limwambie daktari kabla ya jambo lingine lolote na umwonyeshe makovu hayo. Muulize kama kazi yako inaweza kufanyika kwa njia ya ndani, na kama gegedu itahitajika, isitolewe mahali ambapo ngozi yako imeshakuonya. Wewe ulitaja masikio, hivyo hapo pana la kujadili.

Swali: Je, sindano za kujaza pua si salama kuliko kisu? Rafiki yangu alimaliza kwa dakika 20.

Jibu: Ni za haraka lakini neno "salama" silikubali. Zinaongeza, hazipunguzi, zinaficha nundu kwa kujaza juu na chini yake, kisha huyeyuka baada ya miezi. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na imeshatokea watu wakapofuka. Hutokea kwa nadra, ila pua ni miongoni mwa sehemu za hatari zaidi usoni kwa sindano hizo. Ukiamua, iwe kwa daktari mwenye dawa ya kuiyeyusha mkononi. Kamwe usichomwe saluni.

Swali: Wiki ya sita sasa. Upande wa kulia umevimba kuliko wa kushoto, nataka kurudia. Kaka yangu anasema nidai hela yangu.

Jibu: Pole sana mdogo wangu. Pande mbili mara chache hupungua uvimbe kwa mwendo mmoja, na anayelala ubavu huamka na upande huo umejaa. Mwonyeshe daktari wako wiki hii ili uondoe shaka. Lakini kurudia husubiri angalau miezi 12, kwa sababu ndani bado kuna kovu bichi, na kulikata sasa ni kuongeza jingine juu yake.

Swali: Binti yangu ana miaka 14 na wenzake wanamcheka. Ananisihi.

Jibu: Mama, pua yake bado inakua. Madaktari wengi husubiri ukuaji wa uso ukamilike, takriban miaka 15 au 16 kwa wasichana na 17 kwa wavulana, isipokuwa kuna jeraha au pumzi imeziba. Muda huo utumike kumsikiliza na kuwafikia walimu kuhusu hao wanaomcheka. Akifika umri na bado anataka, kwa kauli yake mwenyewe, mpeleke akasikilizwe.

Swali: Naomba jibu haraka. Wiki ya tatu, mwanangu mchanga amenigonga puani kwa kichwa usiku. Damu kidogo imetoka ikakata, pua imevimba.

Jibu: Mpigie daktari wako asubuhi hii hii, usisubiri miadi. Kama mfupa umesogea, siku hizi za mwanzo bado unaweza kurudishwa kwa vidole. Ukishashika, inakuwa kazi nyingine. Usiukande wala kuubonyeza mwenyewe ili kupima. Utuambie alichosema.

Aliyeuliza: Nimetoka kwake. Mfupa haujasogea, uvimbe ni wa kugongwa tu na utashuka. Nimepewa plasta ya kuvaa usiku, na mtoto ameanza kulala kitandani kwake.