DRO ya England na Wales: nani anafutiwa madeni na nani anakwama

Kama unaishi England au Wales, kipato chako ni cha kuungaunga na barua za wanaokudai umeacha hata kuzifungua, kuna kitu kinaitwa Debt Relief Order, wengi tunasema DRO tu, na ni utaratibu wa kisheria kabisa wa kufutiwa madeni kwa mtu asiye na hela wala mali. Sio mkopo na sio promosheni ya kampuni. Ukikubaliwa, wote walioko kwenye orodha yako ya wanaokudai wanatakiwa kutulia miezi 12, hawakudai na hawakupeleki kortini kwa hayo madeni, na miezi hiyo ikiisha kama hali yako haijabadilika basi yamefutwa, hulipi tena.

Masharti yenyewe sasa, na uangalie unasoma ya lini, maana mtandaoni zimejaa kurasa za zamani. Ilivyoanza 2009 kikomo cha deni kilikuwa pauni 15,000, 2015 ikawa 20,000, 2021 ikawa 30,000, na tangu tarehe 28 Juni 2024 ni pauni 50,000. Kulikuwa pia na ada ya pauni 90 nayo ikafutwa Aprili 2024. Kwa hiyo mtu akikwambia leo "nitumie 90 nikufungulie DRO", huyo mfungie simu.

Kingine ni hela inayobaki mwisho wa mwezi. Wanachukua kila kinachoingia, mshahara na benefiti (hela za msaada wa serikali), wanatoa matumizi ya kawaida ya kuishi, halafu wanaangalia kinachobaki, kisizidi pauni 75. Tuseme mama mmoja anaingiza 1,700 kwa mwezi, akishatoa kodi ya nyumba, gesi na umeme, chakula, nauli, simu na nguo za watoto anabakiwa na 40, huyo kwenye kipengele hiki amepita. Akibakiwa na 110 hapiti, ataelekezwa njia nyingine. Matumizi hujipangii tu unavyotaka, kuna viwango ambavyo washauri wa madeni wanavitumia kupima kama unachosema kinaingia akilini, na wataangalia stetimenti za benki. Kama kila mwezi unatuma hela nyumbani sema mapema, usisubiri waione wenyewe wakuulize hizi zinaenda wapi.

Upande wa mali, vyote ulivyo navyo visizidi thamani ya pauni 2,000. Vitu vya kawaida vya nyumbani kama kitanda, friji na nguo havihesabiwi, vifaa vya kazi yako pia, na gari moja linaruhusiwa pembeni kama thamani yake haizidi pauni 4,000. Ukiwa na nyumba yako, hata kama bado unalipia mogeji (mkopo wa nyumba), DRO kwa kawaida isahau.

Na hapa ndipo watu wetu wengi wanakwama, mali uliyo nayo kule kwenu Afrika nayo ni mali. Kile kiwanja ulichonunua Kibaha au Kitengela, ile nyumba uliyojenga ikaishia kwenye linta, hela uliyoweka kwenye akaunti ya simu kule, vyote unatakiwa kuvitaja kwa thamani yake. Najua kuna atakayesema watajuaje bwana, hati iko kwa mjomba. Sikiliza, fomu unaijaza ukithibitisha kwamba uliyosema ni ya kweli, na kuficha mali ni kosa la jinai, na DRO yenyewe inaweza kufutwa hata baada ya kuipata. Halafu stetimenti zako zinaongea, kama miaka miwili iliyopita ulituma pauni 6,000 kwa mkupuo kuna mtu atauliza zilienda kufanya nini.

Wala usikimbilie kuandikisha kiwanja kwa jina la mdogo wako wiki moja kabla ya kuomba. Wanaangalia miaka miwili nyuma, kama uligawa mali bure au uliuza kwa bei ya kutupa, au kama ulimlipa mtu mmoja kwa upendeleo ukawaacha wengine wanakudai. Huo wa pili unawanasa watu wastaarabu kabisa. Una madeni ya pauni 18,000, ukapata hela kidogo, ukaona aibu ukamrudishia shemeji pauni 1,500 zake zote na kadi za krediti hukuzipa hata mia. Kwetu huo ni utu, ila kwenye DRO unaonekana umependelea, na ombi linaweza kukataliwa kwa hilo tu. Kwa hiyo ukishaona unaelekea DRO, usimlipe ndugu yeyote deni lake bila kuongea na mshauri kwanza. Na shemeji naye anaingia kwenye orodha kama wengine, sawa na mwenzako wa upatu kama ulishapokea zamu yako ukashindwa kuendelea kuchanga, huchagui nani wa kumtaja.

Mengine ya haraka haraka. Uwe unaishi England au Wales, au uliishi au kufanya biashara huko ndani ya miaka 3 iliyopita. Scotland wana utaratibu wao, Northern Ireland nao wana DRO yao, usichanganye. Usiwe umeshapata DRO ndani ya miaka 6, na usiwe kwenye mufilisi au IVA (makubaliano rasmi ya kuwalipa wadai kidogo kidogo) inayoendelea. Wanandoa hakuna DRO ya pamoja, kila mtu na yake.

Sio kila deni linafutwa lakini. Kadi za krediti, mikopo ya benki, ovadrafti, malimbikizo ya kodi ya kaunsili, bili za gesi na umeme, benefiti uliyolipwa kimakosa, hizo zinaingia. Zisizoingia ni faini za korti, matunzo ya mtoto, mkopo wa chuo na deni lililotokana na udanganyifu. Kodi ya nyumba unayodaiwa inaingia, lakini angalia vizuri, mwenye nyumba hawezi kukudai ile hela ila bado anaweza kwenda kortini kutafuta kukutoa kwa sababu ya hayo malimbikizo, kwa hiyo kama unaogopa kutolewa hili ndilo swali la kwanza kumuuliza mshauri.

Kuomba huombi mwenyewe. Lazima upitie kwa mshauri wa madeni aliyeidhinishwa, na ushauri wake ni bure, mfano Citizens Advice au StepChange. Yeye ndiye anatuma ombi mtandaoni kwa Official Receiver, yule ofisa wa serikali anayeamua, na korti kwa kawaida huikanyagi. Kabla ya kwenda toa ripoti zako za krediti, yaani rekodi za mikopo yako, kwa kampuni zote tatu, Experian, Equifax na TransUnion, zinapatikana bure, maana deni moja linaweza kuonekana huku na kule lisionekane. Kisha ongeza yale ambayo ripoti haiyajui kama kaunsili, mwenye nyumba, benefiti, ndugu. Fungua hizo bahasha zote, tafadhali. DRO ikishapitishwa huongezi deni ulilosahau, hilo litabaki linakudai peke yake, na mbaya zaidi kama ukilijumlisha unavuka 50,000 unaweza kupoteza DRO yote.

Kama dalali wa kukamata vitu ameshaanza kugonga mlango na karatasi hazijakamilika, mwambie mshauri akuangalizie Breathing Space. Hiyo inasimamisha wadai wengi kwa siku 60, riba na gharama zao zinasimama pia, unapata nafasi ya kupumua mkijaza fomu.

Ndani ya ile miezi 12 kuna adabu yake. Hukopi kuanzia pauni 500 bila kumwambia anayekukopesha kwamba uko kwenye DRO, huwi dairekta wa kampuni bila ruhusa ya korti, na kipato kikipanda au ukirithi kitu unamjulisha Official Receiver, sio unakaa kimya. Jina lako linawekwa kwenye rejista ambayo yeyote anaweza kuisoma, linatoka miezi 3 baada ya DRO kuisha, ila kwenye rekodi ya krediti alama inakaa miaka 6. Kupangisha nyumba mpya kipindi hicho kunasumbua, nisikudanganye.

Ukiwa hufai usikate tamaa ukaangukia kampuni za matangazo ya "futa asilimia 80 ya madeni yako". Nyingi zinakusukuma kwenye IVA, na hiyo unalipa kila mwezi miaka 5 au 6 huku ada zao zimo humo humo. Mufilisi haina kikomo cha deni ila ada yake ni pauni 680. Na kama kuna mtu alikudhamini kwenye mkopo, au deni mlisaini wawili, mpigie kabla hujatuma ombi, kwa sababu DRO inakuachilia wewe tu, mdai atageuka kwake na kumdai lote.