Kuivalisha kava pikipiki ya zamani iliyozaliwa bila kava

Honda CB750 yangu ni ya mwaka 1972. Ilitoka kiwandani injini ikiwa wazi kabisa, silinda 4 zikipokea upepo moja kwa moja. Mimi husafiri nayo mbali, na baada ya saa tatu za upepo wa kifuani shingo huanza kulalamika. Ndiyo maana niliamua kuifungia kava ya mbele ya faibaglasi, nusu mwili, iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki nyingine.

Kava ya kwanza ilipasuka kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa nimeibana moja kwa moja kwenye chuma bila raba, bolti zote zimekazwa hadi mwisho. Pikipiki ikiwa imeegeshwa ilikaa vizuri mno. Lakini barabarani foku (miguu ya mbele yenye springi inayoshika gurudumu) zinazama, usukani unageuka, injini inatetema, ekzosi zinachoma, na kava inapaswa kuishi na hayo yote kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo sipimi tena pikipiki iliyotulia.

Anza na kadibodi, na usiguse keekee. Kata umbo la kava, lishikilie kwa tepu ya karatasi, kisha geuza usukani mpaka ukome kushoto na kulia. Ncha za usukani, mikono ya breki na klachi, na vidole vyako vikiwa na glavu lazima vipite bila kugusa. Mimi huacha sentimita 2 kila upande. Halafu pitisha mkanda wa kukazia mizigo kutoka ekseli ya mbele hadi sehemu ya chini inayoshika foku, uukaze mpaka foku zizame karibu na mwisho. Sasa angalia umbali kati ya madigadi na kava. Hapa ndipo watu wengi hushtuka, kwa sababu nafasi iliyoonekana kubwa inabaki upana wa kidole, au haibaki kabisa.

Swali linalofuata ni kava ishikwe wapi. Jibu langu ni fremu. Kava kubwa ikining'inia kwenye foku au usukani, uzito wake unageuka pamoja na gurudumu, na mwendo ukiongezeka upepo unausukuma usukani wenyewe. BMW walipotoa R100RS mwaka 1976, kava yake kubwa ilishikwa na fremu, na usukani ukageuka peke yake nyuma yake. Fuata njia hiyo. Kioo kidogo cha upepo kinaweza kukaa kwenye usukani. Kava nzima hapana.

Fremu ya pikipiki ya zamani usiitoboe wala usiichomelee. Tobo moja kwenye bomba linalobeba uzito ni mwanzo wa ufa, na siku ukitaka kuirudisha ilivyokuwa hutaweza. Tengeneza vibano vya kuzunguka bomba, ukiweka raba nyembamba kati ya kibano na rangi. CB750 ina mabomba mawili yanayoshuka mbele ya injini, kwa hiyo nilipata pointi mbili za chini, na ya tatu juu, karibu na shingo ya usukani. Breketi nilizikata kwenye chuma bapa cha milimita 3. Kila breketi ishikwe na bolti mbili, kwa maana ikiwa moja itazunguka.

Raba ndiyo moyo wa kazi hii, nami sitaki uipitie haraka. Kwa bolti ya M6 (yenye unene wa milimita 6), toboa kava tundu pana la kutosha kuvaa pete ya raba yenye mfereji. Ndani ya pete ingiza kibomba kifupi cha chuma, kirefu kidogo tu kuliko unene wa raba. Weka washa pana huku na huku. Ukikaza, nati inabana kile kibomba, huku kava ikielea kwenye raba. Ishike na uitikise: icheze kidogo, isigonge. Ikiwa ngumu kama ukuta, kibomba ni kifupi mno. Breketi isipofika sawasawa kwenye tundu, ikunje breketi. Usiivute kava kwa nguvu ya bolti. Kava iliyofungwa ikiwa imevutwa tayari imeanza kupasuka.

Faibaglasi itobolewe kutoka upande wenye rangi, juu ya tepu, keekee ikizunguka polepole. Anza na tundu dogo, ulipanue kidogo kidogo. Vaa barakoa na miwani, kwani vumbi lake ni nyuzi za kioo. Ikiwa kava yako ni plastiki ya ABS, usitie gundi ya kufungia nyuzi za bolti: inaila plastiki na kuipasua. Tumia nati zenye pete ya nailoni.

Injini hii hupozwa kwa hewa, na hewa inahitaji njia ya kuingia na ya kutokea. Ukiziba nyuma ya silinda, joto linabaki pale pale. Acha mapezi yote (zile mbavu nyembamba za silinda zinazotoa joto) wazi, na kava isikaribie ekzosi. Kumbuka pia matengenezo: chujio la oili la CB750 liko mbele ya injini, na tangi la oili liko ubavu wa kulia. Kama huwezi kupima oili bila kufungua kava, kuna siku utaacha kuipima.

Kabla ya kutoka, washa injini, iache ingurume polepole bila kuipa moto, geuza usukani kote kuwili. Mlio ukipanda, kebo ya moto (ya eksileta) imevutwa. Ipitishe njia nyingine. Angalia bomba la breki na nyaya za taa hivyo hivyo, kisha urekebishe mwanga wa taa ya mbele.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya mwendo mdogo, kisha uongeze taratibu ukisikiliza usukani. Baada ya kilomita 50 kagua kila bolti na uzunguke kila tundu kwa tochi. Ukikuta ufa mwembamba, toboa tundu la milimita 3 pale unapoishia ili usiendelee, uuzibe kwa ndani kwa faibaglasi na rezini, kisha tafuta breketi iliyokuwa ikiivuta.