Kumtambua Cicadulina mbila: mtafute dume, kisha uangalie ncha ya tumbo

Kazi yangu ni kuchambua wadudu wanaonaswa kwenye mashamba ya mahindi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Huyu ndiye anayeleta ugonjwa wa milia?" Jani lenye milia myembamba ya manjano iliyokatikakatika kila mkulima analijua. Mwenye kuueneza ni chawajani, yaani mdudu mdogo mrukaji anayefyonza utomvu wa majani, wa jenasi Cicadulina, na ndani ya jenasi hiyo zimo aina kadhaa zinazofanana mno. Anayesumbua zaidi Afrika ni Cicadulina mbila, kwa hiyo jina lake lisiandikwe kwa kubahatisha.

Anza kwenye nyasi. Wadudu hawa huishi na kuzaliana humo, na nyasi zikikauka huhamia kwenye mahindi machanga. Pitisha wavu kandokando ya shamba, wanyonye kwa kinyonyeo chenye kitambaa mdomoni, uwatie kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80.

Sasa chukua lenzi ya mkono, uangalie mguu wa nyuma. Chawajani ana safu za miiba midogo kwenye muundi. Ukiona kichokoo kimoja kikubwa kinachochezacheza mwishoni mwa muundi, huyo si chawajani kabisa. Kwenye mahindi huenda ni Peregrinus maidis, mdudu mwingine mfyonzaji anayefanana naye. Mweke kando. Chawajani wa jenasi Empoasca nao ni wa kijani, hawatakusumbua sana. Cicadulina ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya manjano iliyofifia, na madoa mawili meusi ya mviringo kwenye ukingo wa mbele wa kichwa, katikati ya macho.

Hapo ndipo wengi huridhika, wakaandika "mbila". Tafadhali usifanye hivyo. Madoa hayo wanayo na ndugu zake, na rangi hupauka kwenye alkoholi.

Geuza mdudu chali. Jike ana ala ndefu ya kutagia chini ya tumbo; dume hana, tumbo lake huishia kwenye vibamba viwili vifupi. Dume ndiye mwenye jibu. Kata ncha ya tumbo lake kwa pini nyembamba, uiloweke usiku kucha katika maji yenye haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10. Vaa glovu na miwani, maana dawa hiyo inaunguza ngozi na macho. Asubuhi nyama yote imeyeyuka, imebaki ngozi ngumu inayopenya mwanga. Ioshe kwa maji, itie kwenye tone la gliserini juu ya kioo cha hadubini.

Hapa usiwe na haraka. Ugeuze uume wake uuone kwa ubavu, kisha kwa nyuma, kwa sababu upande mmoja peke yake hudanganya. Angalia shina limepindaje, vijipembe vyake vimetokea wapi na vinaelekea wapi. Halafu chunguza kuta mbili za pembeni zinazoufunika: zina vijipembe vyake pia, na umbo lake hutofautiana kati ya aina na aina. Chora unachokiona kabla ya kufungua michoro ya wataalamu; ukianza na michoro, jicho litaona linachotaka kuona.

Jike je? Usimpe jina la dume aliyenaswa naye, maana aina mbili au zaidi huishi kwenye nyasi zilezile. Ukimpata hai, mfungie peke yake kwenye miche ya uwele, atage, usubiri watoto wake wa kiume wakomae. Wao ndio watakaokuambia mama yao ni nani. Vinginevyo andika "Cicadulina, jike", na hilo ni jibu kamili.

Jambo moja zaidi kuhusu lebo. H. H. Storey, aliyefanya kazi Amani kule Usambara, alionyesha katika makala yake ya 1932 kwamba hata ndani ya C. mbila wapo wanaoweza kueneza virusi vya ugonjwa wa milia na wasioweza, na uwezo huo hurithiwa. Kwa hiyo andika aina, mahali, tarehe na mmea uliomkuta juu yake; neno "mwenezaji" liache mpaka awe amejaribiwa kwenye mche usio na ugonjwa. Ile ncha uliyoikata itie kwenye kichupa kidogo cha gliserini, kikae pamoja na mwili wake, chini ya namba ileile.