Namna ya kumsindikiza mfungwa wa Kasapa katika afya ya akili

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wakaaji wa Lubumbashi wanaoingia Gereza la Kasapa kwa kujitolea: wanaparokia, wanafunzi wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na akina mama wa makanisa ambao tayari hupeleka chakula.

Kabla ya lolote, pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkurugenzi wa gereza, kisha jitambulishe kwa kapita wa wafungwa, yaani mfungwa anayewaongoza wenzake. Mamlaka ya kapita ndani ya ukuta ni makubwa, na mfungwa anayezungumza nawe bila yeye kujua anaweza kulipizwa usiku. Hata hivyo asikae nanyi. Omba mahali ambapo watu wote wanawaona lakini hakuna anayewasikia. Pembe ya ua inatosha.

Mazungumzo ya kwanza yasiguse kosa. Wengi waliomo humo kesi zao hazijakatwa, na jibu la swali "ulifanya nini?", ambalo wamekwisha kuulizwa polisi na parkeni (ofisi ya mwendesha mashtaka), laweza kuwadhuru mbele ya jaji likifika masikioni mwa mwingine. Anza na mwili. Uliza, "Ndugu, usiku unalala namna gani?" Mwanaume ambaye asingekubali kamwe kwamba ana huzuni ataeleza bila aibu kwamba kifua kinambana, kwamba anaamka saa tisa za usiku na mawazo hayamwachi, kwamba vungure, yale mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, hayapiti tena kooni. Sikiliza mpaka amalize, na usikimbilie kumsomea mstari wa Biblia. Sala aliyoiomba yeye mwenyewe humfariji, lakini ile anayowekewa ili anyamaze humfunga mdomo.

Mkishaaminiana, fuata utaratibu ulioandaliwa kwa wasaidizi wasio wataalamu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa vikao vitano, kila kimoja kikichukua kama dakika 90, wenye mambo manne: kupumua polepole, kushughulikia matatizo, kurudia shughuli zilizoachwa na kuimarisha msaada wa watu. Kupumua hufundishwa kwa vitendo: aweke mkono tumboni, avute hewa ukihesabu hadi tatu, aitoe ukihesabu hadi tatu, na mkono ndio upande na kushuka huku mabega yakitulia.

Jambo la pili, kushughulikia matatizo, ndilo ninaloliona kuwa na uzito kuliko yote Kasapa, kwa sababu kinachomla mtu humo mara nyingi ni kutojua siku ya kesi yake. Akikuambia kwamba dosie yake, yaani jalada la kesi, imepotea, mligawanye pamoja tatizo hilo: analoweza na asiloweza. Kumharakisha jaji hawezi, na upande huo anapumzishwa kuubeba kila usiku. Lakini anaweza kuomba ofisi ya karani imwandikie namba ya dosie, akaikabidhi kwa dada yake siku ya kutembelewa, naye dada akaenda nayo parkeni au kwa wakili. Katika kikao kinachofuata, anza na namba hiyo: ilipatikana au haikupatikana, na nini kilizuia. Usiahidi kumtoa gerezani.

Siku ya kwanza mweleze kwamba utamtunzia siri zake, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Ukihisi anawaza kujiua, muulize waziwazi, kwa maana kumuuliza hakumwingizii wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema amepanga namna ya kufanya, asiachwe peke yake, kamba na dawa ziondolewe karibu naye, na muuguzi wa gereza aitwe palepale.

Anayesikia sauti, au anayeanguka kifafa na kuitwa mwenye mapepo, anahitaji daktari. Mjini kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Dokta Joseph Guislain. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaeleza katika kanuni ya 109 kwamba mwenye ugonjwa mkali wa akili asiwekwe gerezani ikiwa kukaa humo kutamzidishia hali, na mwanasheria anaweza kuitumia. Anayemeza fenobarbitali, dawa ya kifafa, asikatishwe ghafla, hata kwa maombi ya kufunga, kwani degedege laweza kurudi kwa nguvu na kumuua.

Wanawake wasikilizwe na wanawake. Katika machafuko ya Kasapa ya Septemba 2020 wafungwa wanawake walibakwa, kwa hiyo usimlazimishe yeyote kusimulia yaliyompata. Mpe maji, mpe muda, muunganishe na matibabu.

Kuachiliwa huja mara nyingi bila taarifa, basi chukua mapema namba ya simu ya familia na uwaulize, iwe ni mtaa wa Katuba au wa Kamalondo, nani atakayempokea na atalala wapi. Mwandikie karatasi yenye jina la dawa, kipimo na siku ya kurudi kituoni, kisha mtembelee nyumbani kabla vidonge alivyotoka navyo havijaisha.