Somo: Kulinda visima vya avenyu yenu (Lubumbashi)

Somo hili ni la avenyu ambazo bomba likikauka, watu wote wanarudi kwenye kisima cha uani. Ninyi wa komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba hapa mjini, mnajua ninachosema.

Wengi wanaanza kwa kununua klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji. Mimi nasema klorini ije mwisho. Kisima kimechimbwa ndani ya paseli (kiwanja) yako, sawa, lakini maji yake yamepita chini ya vyoo vya majirani kabla ya kufika kwako. Ukuta hauyazuii. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na paseli moja, hata kama mwenye paseli ana pesa.

Hatua ya 1: Choreni ramani

Mwombeni shefu wa avenyu awape baraka, halafu vijana wawili watatu wapite paseli kwa paseli na daftari. Waweke alama kwa kila kisima, shimo la choo, fosi septike (tangi la maji machafu ya choo), shimo la takataka, mahali pa kuogea na zizi la nguruwe kama lipo. Wachore pia mteremko: maji ya mvua yanatoka wapi, yanaelekea wapi.

Kati ya kisima na choo kunatakiwa mita 30, karibu hatua 40 za mtu mzima. Katika paseli zetu ni wachache wanaozipata, na msiwacheke wasiozipata. Lengo la ramani ni kujua kisima kipi kiko hatarini zaidi, hasa kile kilicho chini ya mteremko wa choo.

Hatua ya 2: Pimeni kina mara mbili kwa mwaka

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Funga jiwe kwenye kamba, shusha mpaka liguse maji, weka fundo, pima. Fanyeni hivyo mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimeshiba, na tena Oktoba kabla hazijaanza. Mtashangaa tofauti. Maji ambayo Oktoba yalikuwa mbali kabisa, Machi yamepanda karibu na juu.

Sasa linganisheni na vyoo. Sakafu ya shimo la choo inapaswa kubaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya Machi. Mtu anayechimba choo Septemba anaona udongo mkavu, anafurahi, anaendelea kushuka. Miezi sita baadaye shimo lake limekaa ndani ya maji yaleyale mnayoyateka. Choo kifupi kilichoinuliwa kwa matofali, chenye ngazi mbili tatu, ni bora kuliko shimo refu la kujivunia.

Hatua ya 3: Kagueni kwa macho

Shirika la Afya Duniani lina fomu za ukaguzi wa visima zenye maswali ya ndiyo au hapana. Hamhitaji kuwa na fomu yenyewe, ulizeni haya: Kuna mfuniko? Ukingo umepasuka? Zege la kuzunguka kisima linapeleka maji nje, au yanatuama? Ndoo na kamba zinalala chini kwenye tope? Kila mtu anakuja na ndoo yake? Maji yanabadilika rangi baada ya mvua kubwa?

Swali hilo la mwisho ni zito. Kisima kinachochafuka saa chache baada ya mvua kinaingiza maji ya juu moja kwa moja, hayajachujwa na udongo.

Hatua ya 4: Rekebisheni, mkianza na kilicho rahisi

Ndoo moja ya kisima, inayoning'inia, haiondoki. Mfuniko. Hivyo viwili havihitaji mfadhili. Baadaye zege la kuzunguka, lenye mteremko na mfereji wa kupeleka maji mbali, na saruji ndani ya kuta za kisima kwa mita 3 za juu. Kazi ya ndani ifanyike kiangazi, maji yakiwa chini. Fundi asiingie peke yake, na asiingie kabisa kama pampu ya mafuta inafanya kazi humo. Hewa ya chini inaua kimya.

Hatua ya 5: Klorini

Baada ya matengenezo au mafuriko, safisheni kisima chote. Kisima chenye upana wa mita 1 kina lita 785 hivi katika kila mita ya maji. Kwa kila mita hiyo tumieni gramu 56 za klorini ya unga (HTH, asilimia 70). Koroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki, nje, ukitia unga ndani ya maji. Usichanganye na sabuni wala asidi. Mwaga kisimani, acheni saa 12 bila mtu kuteka, kisha toeni maji mpaka harufu iishe.

Kwa maji ya kunywa kila siku: gramu 15 za unga huo katika lita 1 ya maji safi, chupa yenye kifuniko, mahali pa giza, itumike ndani ya wiki. Kijiko kimoja cha chai cha maji hayo ya klorini kwa bidoni (dumu) ya lita 20, subiri dakika 30. Ikibaki harufu nyepesi ya klorini, ni vizuri. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa.

Hatua ya 6: Daftari na reko (mhudumu wa afya wa kujitolea)

Mtu mmoja aandike kila mwezi. Mkiona watoto wengi wanaharisha katika paseli zinazotumia kisima kimoja, reko wa avenyu apeleke habari kituo cha afya siku hiyohiyo, asingoje ripoti ya wiki. Kuhara kama maji ya mchele ni kipindupindu mpaka kithibitishwe kingine.

Maswali ya wanachama (jina ni la komini anakotoka muulizaji)

*Katuba:* Aksanti yaya. Miye kisima changu kiko mita 12 na choo cha jirani, na hakuna mahali pa kuhamia. Tukifukie?

Usikifukie. Kitumie kwa kufua na kuosha nyumba, kiandike "si cha kunywa". Shimo la jirani likijaa, shirikianeni ajenge lililoinuliwa upande wa pili. Kununua tofali pamoja ni rahisi kuliko kugombana.

*Kampemba:* Kwa nini nisimwage javel (klorini ya maji) kisimani kila asubuhi? Ni haraka.

Kwa sababu saa sita mchana haipo tena. Maji mapya yanaingia, uchafu unaila. Tia kwenye bidoni, hapo unajua kipimo.

*Kenya:* Kuna papa anauza maji kwa bidoni. Anakataa tukague, anasema tunamwonea wivu.

Msiende kumi kwa pamoja. Aende shefu na mama mmoja mteja wake. Mwambieni kisima kilichokaguliwa kitauzika zaidi, na anzeni na visima vyenu ninyi. Akiona daftari lenu halimwaibishi mtu, atafungua.

*Ruashi:* Mama ninaishi karibu na mahali wanapoosha mawe ya madini. Maji yangu ni meupe kabisa. Nikichemsha inatosha?

Hapana, mama. Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini ya shaba na risasi yanabaki, na maji yakipungua kwenye sufuria yanazidi kukolea. Klorini pia haiyaondoi. Macho hayasaidii hapo: kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni miligramu 0.01 kwa lita, huwezi kuiona wala kuionja. Inahitaji maabara, na gharama yake avenyu nzima ichange, mpeleke sampuli za visima vitatu: kilicho karibu zaidi na madini, cha katikati, cha mbali. Mkipata majibu, barua iende ofisi ya komini na nakala kwenye zona ya afya. Sheria ya maji nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inazungumzia maeneo ya kulinda vyanzo vya maji, itajeni humo. Wakati mnangoja, uji wa watoto na maji ya wenye mimba yatoke kwenye bomba au kisima cha mbali, hata kama bidoni itapanda bei.