Somo: Kufufua pikipiki ya zamani nyumbani, rangi iwe ya mwisho

Wakuu, salaam. Pikipiki nyingi za zamani hapa Kigoma haziuliwi na ubovu, zinafia kwenye gunia la vipande vilivyofunguliwa. Mtu ananunua Honda iliyolala uani kwa watu, siku ya kwanza anaifungua yote, anakimbilia kupuliza rangi tenki kwa sababu ndilo linaloonekana, hela inakata. Injini inabaki chini ya kitanda mpaka mnunuzi wa chuma chakavu apite. Kwa hiyo fuateni mpangilio huu: iwake kwanza, isimame vizuri ikipigwa breki, waya zikae sawa, ndipo tuongelee rangi.

Natumia Honda CG125 kama mfano. Bado zipo, na spea zinapatikana. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo watu hawabadilishi oili kwa wakati, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo badala ya kuendeshwa na cheni ya taiming. Wachina waliiiga injini hiyo, hivyo pikipiki nyingi za Kichina za 125 mnazoziona kijiweni ni ndugu zake: pistoni 56.5 mm, mwendo wake 49.5 mm. Hata hivyo, ukienda duka la spea Mwanga usitaje jina tu. Beba kipande cha zamani, kiwekwe kaunta pembeni ya kipya, vipimwe. Pistoni ya zile za 150 ni 62 mm, haiingii hata ukiibembeleza.

Hatua ya 1: Kabla hujatoa hela

Kadi kwanza. Namba ya injini na namba ya chesisi zisomwe kwa macho yako, zilingane na kadi. Namba iliyosagwa au kuchomelewa juu, aga uondoke. Huku tuko mpakani, na pikipiki iliyovuka bila kulipiwa ushuru itakusumbua wewe, siyo aliyekuuzia.

Halafu uliza ilikuwa inabeba nini. Swali hili watu wanaliruka, na kwa mkoa wetu ndilo kubwa kuliko yote. Pikipiki iliyobeba chumvi ya Uvinza inaliwa kwa ndani. Maji ya chumvi yanaingia kwenye mabomba ya fremu kupitia matundu ya bolti, yanakaa humo, nje rangi inang'aa. Iliyobeba dagaa wa chumvi nayo ni hivyo hivyo. Toa kiti, chukua mpini wa bisibisi, gonga taratibu kote: chini ya kiti, zinaposhikia shokapu za nyuma, chini ya tenki karibu na shingo ya usukani. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na ukikikandamiza kwa ncha kinabonyea au kinatoboka. Ikitoboka shingoni usinunue, hata kama injini inawaka kiki moja. Iliyobeba mawese haina shida hiyo: inanuka na imevaa tope jeusi lililoganda, lakini ukishalitoa kwa maji ya moto na sabuni, mara nyingi unakuta chuma hakijaguswa.

Kiki ikigoma kushuka usiogope sana. Itumie kupunguzia bei.

Hatua ya 2: Kufungua

Usifungue yote. Fungua sehemu unayoishughulikia, ifunge, nenda nyingine. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kila waya na kila kebo. Bolti za kila sehemu ziwe na kopo lake lenye jina.

Skrubu za makava ya injini ni laini, na mafundi wa kijiweni wameshazichubua vichwa. Tafuta bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Huna? Weka bisibisi inayojaa vizuri kwenye kichwa, igonge mara kadhaa kwa nyundo ili kutu iachie, ndipo uzungushe.

Hatua ya 3: Iwake

Toa plagi, mimina oili safi kijiko kimoja cha chakula kwenye silinda, iache ilale hivyo hadi kesho. Ringi zilizokauka ukizipigia kiki zinachuna silinda.

Mwaga oili ya zamani kwenye beseni jeupe uitazame. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Vumbi linalometameta ni chuma kinachosagika ndani, na hapo lazima ufungue zaidi. CG125 haina filta ya karatasi. Ina chujio la wavu na rota nyuma ya kava la upande wa klachi, ambayo inazunguka na kutupa uchafu pembezoni mwake. Nyingi hazijafunguliwa tangu zitoke kiwandani. Ndani utakuta uji mzito mweusi uliogandamana. Ukwangue, osha kwa petroli, funga na gasketi mpya. Oili safi inayoingia ni kama lita moja, 20W-50 inatosha kwa joto letu.

Cheche: chomeka plagi kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha hedi mbali na tundu la silinda, piga kiki. Unataka cheche ya bluu yenye mlio. Ikiwa nyekundu na dhaifu, anza na plagi mpya, kisha kofia, kisha koili. Za zamani zina platini, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche: zisugue kwa msasa laini kabla hujanunua chochote.

Kompresheni: ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kama ni dhaifu, ongeza kijiko cha oili, jaribu tena. Nguvu ikirudi, tatizo ni ringi au silinda. Isiporudi, angalia valvu au gasketi ya hedi. Kipimo hiki hakikugharimu chochote na kitakuzuia kununua pistoni usiyoihitaji.

Valvu ziseti injini ikiwa imepoa kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mkandamizo, alama ya T kwenye magneti ikilingana na alama ya kava. Nafasi ni 0.08 mm kote, inayoingiza na inayotoa. Kipimo cha bamba jembamba kinauzwa madukani. Acha habari za kukisia kwa kipande cha karatasi.

Kabureta iliyolala na petroli inakuwa na gundi. Jeti ndogo, ile ya sailensa (injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta), tundu lake karibu halionekani. Iloweke kwenye petroli, ipulize kwa pampu. Ikigoma, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Usiingize waya wa chuma wala pini, utalipanua tundu na pikipiki itakunywa mafuta milele.

Tenki lenye kutu ndani: mwaga petroli, toa koki, tia nati kuukuu na siki, tikisa, acha usiku kucha. Mwaga, suuza, tia maji yenye magadi kidogo kuua asidi, suuza tena, likaushe juani haraka na ulizungushie oili kidogo ndani. Hesabu nati ulizoingiza. Likiwa limetoboka, usiruhusu mtu alichomelee likiwa na harufu ya petroli. Mvuke unalipuka hata tenki likionekana kavu.

Hatua ya 4: Breki, tairi, beringi

Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize. Brekishuu zilizolowa grisi hazisafishiki, nunua mpya. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Lenye nyufa ubavuni litupe hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa. Spoku zigonge moja moja. Inayotoa sauti tofauti na wenzake imelegea. Cheni na sproketi zake mbili badilisha kwa pamoja. Inyanyue mbele, tikisa usukani: ukisikia mgongano shingoni, gololi za usukani zimeisha.

Hatua ya 5: Waya

Zote zilizofungwa kwa nailoni, fungua. Sugua mahali pa ethi, pale waya unapofungwa kwenye fremu, hadi chuma king'ae. Nusu ya matatizo ya taa yanaishia hapo. Hakikisha kama mfumo ni volti 6 au 12 kabla ya kununua betri na balbu. Fyuzi ni fyuzi, siyo kipande cha waya.

Hatua ya 6: Rangi

Msasa, praimeri, rangi nyembamba mara kadhaa, siku isiyo na upepo. Imeisha hiyo. Rangi imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo ukibadilisha toa taarifa TRA.

Safari ya kwanza iwe tambarare, barabara ya Ujiji asubuhi. Usianze na mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni kabla hujaziamini breki.

MASWALI

Wa Kasulu: Mkuu, yangu ikiwa ya baridi inawaka kiki moja, ikipata moto inazima na haiwaki mpaka ipoe.

Jibu: Angalia valvu kwanza, mkuu. Nafasi ikiwa finyu, injini ikipata moto valvu haifungi vizuri. Zikiwa sawa, pima cheche wakati huo huo imegoma, usisubiri ipoe. Cheche ikiwa imepotea, koili inakufa ikipata joto.

Wa Tabora: Shikamoo fundi. Nina Yamaha AG100 ya marehemu baba, alikuwa bwana shamba wa tumbaku. Inatoa moshi mweupe mzito na oili ya gia inapungua bila kuvuja nje.

Jibu: Marahaba, pole kwa msiba. Hiyo ni tuu stroku, injini isiyo na valvu kama za CG125, msifuate habari zangu za valvu. Sili ya krenki upande wa klachi imekufa, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Sili yenyewe ni ya bei nafuu, kazi iko kwenye kuifikia. Ukiifunga, hakikisha pampu ya oili ya tuu stroku inasukuma. Isiposukuma, pistoni itajam. Na kadi kama bado ina jina la marehemu, familia iteue msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani, ndipo muende TRA.

Dada wa Ujiji: Kaka, nimefunga ringi mpya. Naweza kuirudisha kazini kesho?

Jibu: Irudi, dada, ila kilomita 500 za kwanza abiria mmoja tu, usiivute kwenye gia ile ile muda mrefu, na usiipandishe milima ukiwa umeminya mafuta yote. Mwaga oili mapema, usingoje muda wa kawaida, kwa sababu ringi mpya zinaacha unga wa chuma.

Wa Kibondo: Fundi wangu anasema silinda ichongwe. Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Pitisha ukucha ndani ya silinda, juu pale ringi zinapoishia. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, au ukiona mikwaruzo ya wima inayoshika ukucha, anasema kweli. Nunua pistoni ya saizi ya juu kwanza, umpelekee mkerezaji pamoja na silinda. Achonge kwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi, siyo namba iliyoandikwa kwenye boksi.