Kupima mkusanyiko wa vipokezi kwenye seli T, hatua kwa hatua

Juzi nilikaa na mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili hapa Moshi. Picha zake za hadubini zilikuwa safi, ila seli alizoziamsha na zile alizoziacha zimetulia zilikuwa na madoa yaleyale. "Kaka, ina maana vipokezi vinajikusanya vyenyewe tu?" Hapana. Shida ilikuwa kwenye hatua ya 2, ndiyo maana hapa chini nimeirefusha.

Kwanza ujue unatafuta nini. Seli T (aina ya seli nyeupe za damu zinazokinga mwili) ikigusana na seli inayoionyesha kipande cha kijidudu, vipokezi vyake, yaani protini za uso wake zinazotambua kipande hicho, hukusanyika ndani ya sekunde chache na kufanya vikundi vidogo. Penye mgusano huo nafasi kati ya tando mbili ni finyu mno, kwa hiyo CD45, protini ndefu yenye kazi ya kuondoa fosfeti, husukumwa pembeni. Kimeng'enya Lck kinapata nafasi ya kubandika fosfeti kwenye mikia ya vipokezi, kimeng'enya kingine, ZAP-70, kinakuja kushika hapo, na ishara inaanza safari kuelekea ndani. Ukikosea kupima vikundi, umekosea kupima chanzo cha ishara yenyewe.

Hatua ya 1. Tenga seli kutoka kwenye damu, ziache zitulie, gawa mafungu mawili, amsha moja. Hii unaijua.

Hatua ya 2. Fiksi kwanza (kaza seli kwa kemikali ili protini zake zisitembee), kingamwili baadaye.

Kingamwili ni protini tunayoitumia kushika kipokezi ili rangi ikionyeshe. Ya kawaida ina mikono miwili, na kila mkono unashika kipokezi kimoja. Ukiiweka kwenye seli hai, tayari umeunganisha vipokezi viwili. Ukiongeza kingamwili ya pili yenye rangi, nayo inaunganisha zile za kwanza, na sasa una wavu mzima. Yaani rangi uliyoileta kuonyesha vikundi ndiyo iliyovitengeneza. Jambo hili si geni: mwaka 1971 Taylor na wenzake walionyesha kwamba kingamwili yenye mikono miwili huvuta molekuli za uso wa limfosaiti B (seli nyingine za kinga) zikawa mabaka, kisha kwenye joto zikajikusanya upande mmoja wa seli kama kofia. Kipande cha Fab, chenye mkono mmoja, hakikufanya hivyo.

Wengi hujitetea kwamba walifanya kazi juu ya barafu. Barafu huzuia kofia, kwa sababu kofia inahitaji nishati ya seli. Mabaka madogo yanaweza kutokea hata kwenye baridi, na hayo ndiyo unayoyahesabu.

Tena angalia miongozo iliyoandikwa Ulaya. Ikisema "joto la chumba" inamaanisha nyuzi 20 hivi. Moshi mchana wa Februari hupita nyuzi 30, na kwenye joto vipokezi hutembea haraka zaidi. Weka kipimajoto mezani na uandike namba kwenye daftari.

Kuna tego lingine. Paraformaldehaidi ya asilimia 4 peke yake haizuii protini zote za utando. Baadhi huendelea kutembea hata baada ya kufiksi, na kingamwili bado inaweza kuzikusanya. Mimi huongeza glutaraldehaidi ya asilimia 0.2. Inakaza vizuri, lakini ina gharama mbili. Inaleta mng'ao wake yenyewe, hivyo osha kwa sodiamu borohaidraidi uliyoichanganya muda huohuo. Pia inaweza kuharibu sehemu ambayo kingamwili inaishika, kwa hiyo jaribu kwenye seli chache kabla hujatumia sampuli za wagonjwa.

Usiendelee bila vidhibiti vitatu, yaani sampuli za kulinganishia: seli zilizotulia na kufiksiwa kabla ya kingamwili yoyote, seli zilizopata kingamwili ya pili tu, na seli hai ulizozipa kingamwili zote mbili kwenye nyuzi 37, ambazo lazima zionyeshe mabaka na kofia. Cha kwanza kikifanana na cha tatu, simama hapo, rudia kufiksi. Ukiweza kupata Fab iliyounganishwa na rangi moja kwa moja, nunua hiyo hata kama ni ghali.

Hatua ya 3. Piga picha zote kwa mwanga na muda uleule, pasiwe na pikseli iliyojaa hadi juu. Hifadhi TIFF. JPEG ni ya WhatsApp.

Hatua ya 4. Tumia Fiji, programu ya kuchambua picha. Ni ya bure, haidai leseni, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Weka kipimo cha pikseli: kamera yenye pikseli za mikroni 6.5 kwenye lenzi ya mara 100 inakupa nanomita 65. Hadubini ya kawaida haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, kwa hiyo doa moja si lazima liwe kikundi kimoja.

Hatua ya 5. Watu hukimbilia kuchagua kizingiti (kiwango cha mng'ao ambacho kikipitwa ndipo doa linahesabiwa) na kuhesabu madoa. Ukisogeza kizingiti kidogo, jibu linabadilika. Mimi huanza na kipimo kisichohitaji kizingiti: zungushia seli, toa mng'ao wa nyuma, kisha gawanya mchepuko sanifu wa mng'ao kwa wastani wake. Rangi iliyosambaa sawasawa hutoa namba ndogo, iliyokusanyika hutoa kubwa. Mwenzako afiche majina ya mafaili kabla hujaanza kuzungushia.

Ukifika kwenye takwimu, linganisha watu waliotoa damu, si seli. Seli mia mbili za mtu mmoja bado ni mtu mmoja, na msimamizi wako atakuuliza hilo kabla ya kuangalia grafu.